Ukuta wa Ushuru Hautaijengea Simiyu Kiwanda

Kila mwezi Mei, msimu wa ununuzi wa pamba unapofunguliwa, hoja moja huzunguka Simiyu nzima, kutoka kwenye mizani ya vyama vya ushirika vya msingi (AMCOS) vya Dutwa na Ngulyati hadi vikao vya madiwani mjini Bariadi. Mkoa huu, husemwa, unaongoza kwa pamba nchini, lakini pamba yake inaondoka ikiwa marobota kwa sababu vitenge, mashuka na nguo za Asia vinamwagwa sokoni kwetu kwa bei ya kutupa. Basi serikali itumie ule ushuru maalumu ambao Shirika la Biashara Duniani, WTO, linauruhusu dhidi ya bei za namna hiyo. Bidhaa hizo zikishazuiwa, viwanda vitajengwa na bei ya pamba itapanda. Na mtu akiuliza kama silaha hiyo haitatugeukia, hujibiwa kwamba sisi ni wadogo mno, hakuna atakayehangaika nasi.

Hoja hii hutolewa na watu wa kuheshimiwa. Wengi wao walikaa na pamba ghalani mwaka 2019, pale bei elekezi ya shilingi 1,200 kwa kilo ilipokuwa juu kuliko soko la dunia lilivyoweza kubeba na wanunuzi wakasita. Uchungu wao ni wa haki. Dawa wanayoidai ndiyo potofu, na ikitumika itawaumiza wao kabla ya kumuumiza mtu yeyote wa Shanghai au Mumbai.

Tuanze na sheria yenyewe, maana wengi wanaoitaja hawajaisoma. Kiwanda huhesabiwa kuwa kimeuza kwa bei ya kutupa pale kinapouza nje kwa bei iliyo chini ya ile kinayouzia nyumbani kwake. Nchi inayoingiziwa bidhaa ikithibitisha hilo, na ikithibitisha pia kwamba viwanda vyake vimeumia kwa sababu hiyo, inaweza kutoza ushuru wa ziada juu ya ule wa kawaida. Tanzania ina sheria yake ya jambo hili tangu 2004, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ina kanuni zake za mwaka huohuo. Chombo kipo.

Lakini chombo hicho hakimjui mkulima. Mkataba wa WTO unasema anayepimwa kama ameumia ni mzalishaji wa bidhaa inayofanana na ile inayolalamikiwa. Kesi ikiwa ya vitenge, wanaohesabiwa ni wenye viwanda vya vitenge. Mkulima wa Itilima aliyeuza pamba yake kwa hasara hatapata hata ukurasa mmoja kwenye jalada la uchunguzi, kwa kuwa yeye hatengenezi kitenge. Faida ya ushuru huo ingekwenda kwanza kwa viwanda vichache vya Dar es Salaam, Morogoro na Arusha vilivyokwisha kusimama, na hakuna kifungu kinachovilazimisha kupandisha bei ya pamba hata kwa shilingi moja. Bei ya pamba nyuzi inafuata soko la dunia, na soko la dunia halijui kama Tanzania imeweka ushuru juu ya mashuka.

Sasa niende kwenye lile jibu la kwamba sisi ni wadogo. Jibu hili lina msingi kidogo. Mkataba unataka uchunguzi usimamishwe ikiwa bidhaa za nchi husika hazifiki asilimia 3 ya zote za aina hiyo zilizoingizwa, ingawa nchi ndogo zikiwekwa pamoja na kuzidi asilimia 7, kinga hiyo inaondoka. Wanaoutegemea mstari huu wangetazama kwanza upande wa pili wa mpaka wetu wa kaskazini.

Ziwa Magadi la Kenya limezalisha magadi ya viwandani kwa zaidi ya miaka mia moja. Ni bidhaa iliyochimbwa, ikachomwa na kusafishwa, inayotumika kutengeneza vioo na sabuni, na imekuwa miongoni mwa bidhaa chache za viwandani ambazo Afrika Mashariki inauza mbali kwa wingi. Julai 2012 India iliweka ushuru dhidi ya magadi kutoka China, Umoja wa Ulaya, Iran, Pakistan, Ukraine, Marekani, na Kenya. Itazame orodha hiyo. Kenya imepangwa na mataifa yenye uchumi mkubwa kuliko wake mara nyingi, na udogo wake haukuiokoa. Kampuni ya Magadi ilikuwa tayari mali ya Tata Chemicals, kampuni ya Kihindi inayotengeneza magadi pia kule Mithapur, Gujarat. Hata undugu huo haukuizuia serikali ya India kuyatoza magadi ya Kenya.

Bangladesh nayo ni nchi iliyo kwenye kundi la nchi maskini zaidi, kundi lilelile tulilomo sisi. Ilipoanza kuuza betri za magari India, ikatozwa ushuru huo mwanzoni mwa muongo wa 2000. Bangladesh ilidai, pamoja na mengine, kwamba betri zake hazikufika hata kiwango kile cha asilimia 3 kinachotakiwa, kwa hiyo uchunguzi ulipaswa kusimamishwa mara moja. Haukusimamishwa. Ilibidi Januari 2004 ipeleke malalamiko rasmi Geneva, ikawa nchi ya kwanza ya kundi hilo kufungua shauri WTO, na ushuru ukaondolewa mwaka uliofuata. Kinga ya wadogo imeandikwa, ndiyo. Ila haifanyi kazi mpaka mdogo mwenyewe aende kuidai, akiwa na wanasheria na takwimu mkononi, na wakati huo wote wateja wake wanatafuta betri kwingine.

Mfano unaopaswa kuinyima Simiyu usingizi ni wa juti. Januari 2017 India iliweka ushuru uliofikia hadi zaidi ya dola 350 kwa tani juu ya bidhaa za juti za Bangladesh na Nepal. Bidhaa zilizotajwa ni nyuzi zilizosokotwa, vitambaa vya juti na magunia. Juti ghafi haikutajwa. Mkulima wa Bangladesh aliruhusiwa kuendelea kuvilisha viwanda vya Kolkata zao lake bila ushuru huo, lakini kiwanda cha Bangladesh kilipotaka kulisokota zao hilohilo na kuliuza likiwa gunia, kilikuta lango limefungwa. Desemba 2022 ushuru huo uliongezwa muda.

Hapo ndipo ninapotaka wenzangu wa Simiyu wasimame na kutafakari. Robota la pamba halina adui. Ni nadra mno nchi kuweka ushuru wa aina hii juu ya pamba ghafi; Uturuki ilifanya hivyo kwa pamba ya Marekani mwaka 2016, na kiwango kilikuwa asilimia 3 tu; viwanda vyake vya nyuzi vinaihitaji pamba hiyo. Maadui huanza kujitokeza pamba inapokuwa uzi, uzi unapokuwa kitambaa, na kitambaa kinapokuwa shuka. Kila hatua ambayo viongozi wetu wanatuhimiza tuipande ndiyo hatua ambayo ushuru huu umetegwa kuikamata. Kuushangilia ushuru wa bei ya kutupa huku ukiota kuuza nje nguo za Bariadi ni kuukarabati mtego utakaokunasa mwenyewe.

Nguo za pamba zenyewe zina historia yake. Mwaka 1997 Jumuiya ya Ulaya iliweka ushuru juu ya mashuka ya pamba kutoka India, Pakistan na Misri. India ilipopeleka shauri WTO, yakafichuka mambo mawili ambayo kila mwenye ndoto ya kiwanda anapaswa kuyajua. La kwanza ni namna wachunguzi walivyokokotoa bei ambayo mashuka hayo yangepaswa kuuzwa nyumbani: walichukua gharama za uzalishaji, wakaongeza faida ya asilimia 18.65, na faida hiyo waliipata kwa kampuni moja tu, Bombay Dyeing, kisha wakawavika wengine wote. La pili ni kwamba aina fulani ya shuka ilipoonekana imeuzwa Ulaya kwa bei ya juu kuliko nyumbani, tofauti hiyo ilihesabiwa sifuri badala ya kupunguza jumla. Aina zilizouzwa chini zikabaki peke yake kutoa ushahidi. Rufaa ya WTO ya Machi 2001 ilikataa mahesabu yote mawili, lakini kuanzia 1997 hadi 2001 ni muda mrefu kwa kiwanda kinacholipa mishahara kila mwisho wa mwezi.

Watu husema: sisi tutauza kwa haki, hatutauza kwa bei ya kutupa, tuogope nini? Ngoja nichukue kiwanda cha kufikirika mjini Bariadi, chenye bei za mfano. Kinauza jozi ya mashuka Mwanza kwa shilingi 10,000, na usafiri hadi Mwanza ni shilingi 300. Jozi hiyohiyo kinaiuza Durban kwa shilingi 10,500, yaani ghali kuliko nyumbani. Lakini kutoka Bariadi hadi bandari ya Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000 za barabara, na baada ya hapo kuna bahari. Tuseme usafiri wote unakula shilingi 1,600. Mchunguzi halinganishi bei za dukani. Analinganisha bei zinazobaki mlangoni pa kiwanda baada ya usafiri kutolewa. Mauzo ya Mwanza yanabakiza 9,700, ya Durban yanabakiza 8,900. Kiwanda chetu kilichouza ghali zaidi nje kimeshakuwa mtuhumiwa, na pengo ni zaidi ya asilimia 7 ya bei ya kufikisha mzigo, wakati kiwango kinachosamehewa na mkataba ni chini ya asilimia 2 tu. Hakuna udanganyifu wowote hapo. Kuna umbali tu, na umbali ndio urithi wa kila mkoa wa bara.

Kuna pendekezo jingine linalotembea bega kwa bega na lile la ushuru: tuzuie pamba ghafi isitoke, au tuitoze kodi ya kutoka kama tulivyofanya kwa korosho, ili viwanda vya ndani viipate kwa bei nafuu. Wapendekezaji waitazame Argentina. Nchi hiyo ilikuwa ikitoza kodi ya kutoka juu ya soya, na soya ikawa rahisi ndani ya nchi. Mwaka 2013 Umoja wa Ulaya uliweka ushuru dhidi ya dizeli ya mimea ya Argentina, na moja ya sababu ilikuwa kwamba bei ya soya kwenye vitabu vya viwanda ilipotoshwa na kodi hiyo. Wachunguzi wakaiweka kando bei waliyolipa wenye viwanda, wakatumia nyingine iliyo juu zaidi. Argentina ilishinda WTO mwaka 2016, lakini mafunzo yalibaki mezani: bei unayomkandamizia mkulima wako ili kumbeba mwenye kiwanda inaweza kutumiwa nje kukifungia kiwanda hichohicho soko. Na mkulima wa Maswa angekuwa amekwisha kulipa gharama ya jaribio hilo kwa jasho lake.

Sitaki kudharau upande wa nyumbani. Viwanda vya nguo vilianguka kweli, na kila mzee wa Kanda ya Ziwa anaikumbuka Mwatex ya Mwanza na Mutex ya Musoma kwa uchungu. Lakini wanaosimulia kwamba viliuawa na nguo za kigeni wanaruka miaka muhimu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nguo za nje zilikuwa karibu haziingii, kwa kuwa nchi haikuwa na fedha za kigeni za kuziagiza. Ukuta haujawahi kuwa mrefu kama wakati ule. Na ndipo viwanda vilipokuwa vikifanya kazi chini sana ya uwezo wake, vikikosa vipuri, rangi, umeme na maji, huku wananchi wakipanga foleni kwenye maduka ya serikali ya RTC kusubiri kipande cha kitambaa. Biashara ilipoanza kulegezwa mwaka 1984, mgonjwa alikuwa kitandani siku nyingi.

Na ukuta tunao hata sasa. Khanga, vikoi na vitenge viliwekwa na Jumuiya yetu kwenye orodha ya bidhaa nyeti kwa ushuru wa asilimia 50. Tangu Julai 2022 daraja la juu la ushuru wa pamoja ni asilimia 35, na nguo zimo. Kama kodi ya mpakani ingekuwa inazaa viwanda, Bariadi ingekuwa imeshauona moshi wake. Kinachozaliwa na viwango hivyo ni magendo na ankara za uongo zinazotaja thamani pungufu. Ushuru mpya juu ya bidhaa zilezile ungeipa biashara hiyo mtaji zaidi, na fundi cherehani wa sokoni Bariadi, ambaye kitambaa, uzi na zipu zake vinatoka nje, angelipia tofauti.

Tukumbuke pia mwaka 2016, pale wakuu wa Jumuiya walipokubaliana kuondoa mitumba hatua kwa hatua. Ule haukuwa ushuru wa bei ya kutupa, lakini nia ilikuwa ileile. Mwaka 2017 chama cha wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani kikalalamika kwa serikali yao, kikitaka nafasi ya kuuza Marekani bila ushuru chini ya mpango wa AGOA iangaliwe upya. Kenya ilirudi nyuma mapema, Tanzania na Uganda zikafuata. Rwanda, iliyopandisha ushuru hadi dola 2.50 kwa kilo, ikang'ang'ania, na mwishoni mwa Julai 2018 ikaondolewa nafasi hiyo kwa nguo zake. Wakati huo kulikuwa na vijana wanaoshona jinzi za soko la Marekani kwenye eneo maalumu la Benjamin Mkapa, Dar es Salaam. Kazi zao ziliwekwa rehani kwa ajili ya ukuta ambao haukujengwa. Nasema Rwanda ilionewa. Nasema vilevile kwamba nchi inayotaka kuuza nje haiwezi kupanga sera yake kana kwamba wanunuzi hawana mikono.

Watanijibu kwamba India na China zilijikinga zikafika. India ndiyo imetumia ushuru wa bei ya kutupa kuliko nchi yoyote tangu WTO ianze mwaka 1995, ni kweli. Inafanya hivyo ikiwa na soko la ndani la zaidi ya watu bilioni moja, ofisi nzima ya wachunguzi, na viwanda vilivyokwisha kukomaa vyenye wahasibu wa kuandaa malalamiko. Hivyo ndivyo vitu vilivyotangulia. Ushuru ulikuja baadaye.

Kama kuna nguvu ya serikali ya kuitafuta, iko kwenye manunuzi yake yenyewe. Tangu enzi za Anthony Mtaka akiwa mkuu wa mkoa, Simiyu imezungumza juu ya kiwanda cha vifaa tiba vya pamba: pamba ya hospitali, bandeji, gozi. Wakati huohuo Maswa ilianza kutengeneza chaki na Meatu ikafungasha maziwa, bila kusubiri ushuru wa mtu. Tanzania haimo kwenye mkataba wa WTO wa manunuzi ya serikali, unaozibana nchi wanachama wake zisizipendelee bidhaa za nyumbani. Hakuna anayeweza kutushitaki huko kwa sababu Bohari ya Dawa imesaini mkataba wa miaka kadhaa wa kununua bandeji za Bariadi, au kwa sababu majeshi na shule zimeagiza vitambaa vyao Kanda ya Ziwa. Mkataba wa namna hiyo ni dhamana ambayo benki inaweza kuikopeshea mashine. Ushuru hauwezi kuwekwa rehani benki.

Reli ya kisasa inayojengwa kati ya Mwanza na Isaka, inayopita Malampaka wilayani Maswa, nayo ina uzito kuliko wanavyodhani wanaoitazama kama njia ya abiria tu. Ikishaungana na Dar es Salaam, kila shilingi itakayopungua kwenye usafiri wa kontena itarudi kwenye ile bei ya mlangoni pa kiwanda, na pengo ambalo mchunguzi wa kigeni angeliita bei ya kutupa litapungua kwa kiasi hichohicho.

Kisha kuna vitabu vya hesabu. Mtoza ushuru wa kigeni akianzisha uchunguzi, hutuma hojaji ndefu na kutoa walau siku 30 za kujibu. Anataka gharama ya kila aina ya bidhaa, kila ankara ya mauzo ya ndani na ya nje, bei ya pamba iliyonunuliwa, umeme, mishahara, usafiri. Asiyejibu, au anayejibu nusu, huhesabiwa kwa taarifa zozote zilizopo mezani, na mara nyingi zilizopo mezani ni zile zilizoletwa na mshindani wake aliyefungua malalamiko. Geneva kuna Kituo cha Ushauri wa Sheria za WTO, kilichoanza 2001, ambacho kinazihudumia nchi za kundi letu kwa ushauri wa bure na kwa uwakilishi wa gharama ndogo. Hakiwezi kumtungia mtu ankara ambazo hakuzitunza.

Wizara inayotuahidi kiwanda, halmashauri zinazotenga maeneo ya viwanda, vyama vya ushirika vinavyotaka kuwa wanahisa, vyote viulizwe sasa, kabla jiwe la msingi halijawekwa: ni nani atakayeketi Bariadi kuijibu hojaji hiyo, na analipwa kutoka fungu gani?